Mti Nambari 114

Mradi wetu una jina refu kuliko barabara ya Kitangari,
na masika yakianza vyote viwili havipitiki.
Nchi tano zimechanga:
Msumbiji, Benini, India, Ureno, nasi.
Bendera zote tano zimebandikwa
ubavuni mwa jokofu la sampuli
ambalo halijagandisha kitu tangu lifike, maana umeme...
basi, umeme mnaujua.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Kila Jumanne, pikipiki, kishikwambi, lenzi ya mkononi:
maua mangapi yameshikwa na ubwiriunga
katika kila shada, mashada kumi kila upande wa mti,
miti mia mbili na arobaini.
Mti 113 hupulizwa salfa.
Mti 115 hupulizwa salfa.
Mti 114 haupulizwi kitu.
Kwa lugha ya andiko ni mti wa ulinganisho.
Kwa lugha ya Bi Somoe Nampunju, mwenye shamba,
ni "ule mliouchagua ufe."

Nilimweleza. Nilichora mchangani kwa kijiti:
bila mgonjwa asiyetibiwa
tutajuaje kuwa dawa ndiyo iliyotibu?
Akanisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta choroko.
"Nimeelewa," akasema.
"Sasa huyo mgonjwa analipwa kilo ngapi?"

Nikafungua bajeti.
Limo fungu la tiketi ya mkaguzi wa hesabu,
fungu la nembo, fungu la kuibadilisha nembo,
fungu la vitafunwa vya mkutano wa Lizboni.
La korosho ambazo hazitazaa
ili sayansi ipate cha kulinganisha,
hakuna.

Nikaandika barua.
Kubadili fungu moja kunahitaji saini tano,
saini tano zinahitaji kikao,
kikao kinahitaji akidi,
na akidi, mwezi wa nane, imekwenda likizo.

Mkorosho hauna likizo. Ulichanua.
Ukaja unga mweupe,
ule ule ulioonekana ng'ambo ya Ruvuma wiki mbili kabla;
ulivuka bila viza, bila saini hata moja,
ukakaa juu ya maua kama mgeni
ambaye hakuna wa kumwuliza ataondoka lini.

Siku hiyo Bi Somoe akanitolea stakabadhi ya msimu uliopita,
ameikunja ndani ya mfuko wa sukari.
Ushuru wa halmashauri. Makato ya chama. Magunia. Usafiri.
Na chini kabisa, kwa wino uliopauka: utafiti.
Akaweka kidole juu ya neno hilo.
"Huyu ni mimi," akasema.
"Hizo nchi zenu tano, mimi ni ya sita.
Bendera yangu mmeibandika wapi?"

Jumanne iliyofuata nilifika umande haujakauka.
Mti 114 ulikuwa wa manjano.
Salfa juu ya majani, salfa kwenye kibao cha nambari,
salfa imeuonyesha utando wa buibui
ambao miezi yote hii sikuwahi kuuona.
Chini ya tawi, imefungwa kwenye ufito,
ilining'inia soksi nyeupe ya shule, imejaa unga:
pampu yake.

Mwongozo, ukurasa wa thelathini na moja, uko wazi:
mti ukichafuliwa, futa takwimu zake,
eleza sababu, herufi zisizozidi ishirini.

Nikasimama. Kituoni wananisubiri mimi,
Ureno wanakisubiri kituo,
na mahali fulani mwendesha treni ambaye simjui
amekatwa kodi ili mimi nisimame hapa.
Jikoni choroko zilikuwa zinachemka.
Hakutoka nje, wala sikubisha hodi.

Nikaandika:
mti una mwenyewe

Herufi kumi na sita, ukihesabu na nafasi.
Nne zilizobaki nikaziacha zilivyo.
Kisha nikapiga chafya, salfa ile,
nikasogea hadi 115.